Mwaka Kapi Alipohesabiwa Mara Nne

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kiwandani walimwita Kapi, kwa sababu alikuwa fundi wa kapi, yale magurudumu yanayozungusha mikanda ya mashine, na jina hilo likamfuata mpaka nyumbani. Mkewe mwenyewe alimwita Kapi siku za raha, na Baba Pacha, kwa mapacha wao waliokwisha kuhamia mbali, siku ambazo ameudhika. Kwa hiyo Kapi alijua hali ya hewa ya nyumba yake kabla hajavuka kizingiti.

Kwa miaka ishirini na mitatu alifanya kazi katika kiwanda cha mablanketi. Alikuwa akipita katikati ya mashine, kopo la grisi mkono mmoja na spana mkono wa pili, shati limetota jasho, sufu imemshika nywele hata akafanana na mzee wa miaka tisini. Hakuwa bosi wa mtu. Lakini mkanda ukikatika, kiwanda kizima kilisimama kikimngoja yeye, na dakika zile Kapi alitembea polepole kidogo kuliko ilivyohitajika.

Kiwanda kilifungwa siku ya Alhamisi. Ingekuwa mwisho wa mwezi labda wangeelewa, lakini ilikuwa Alhamisi tu, saa nne asubuhi, chai ikiwa bado moto vikombeni. Waliambiwa watoke, wataitwa. Hawakuitwa.

Mwaka wa kwanza Kapi alitafuta kazi kwa nguvu zake zote. Alikuwa na bahasha ya kaki yenye vyeti na barua ya sifa kutoka kwa nyapara wake wa zamani, na bahasha ile ilizunguka mji mpaka ikalegea kona zote nne. "Njoo wiki ijayo." "Acha namba yako." "Tutakupigia." Mwaka wa pili alitafuta nusu nusu. Halafu akaacha, ingawa ukimuuliza aliacha lini, hana siku ya kukutajia. Jumatatu moja mvua ilinyesha, akasema atatoka kesho. Jumanne soli ya kiatu ikaachia. Jumatano mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao, aliteleza bafuni akaumia nyonga, na ikabidi awepo mtu wa kukaa naye mchana. Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule kwenye karakana moja, hakuweza kuacha. Basi akakaa Kapi. Miezi ikapita, bahasha ikala vumbi juu ya kabati, na Kapi akawa ndiye mtu wa mtaa mzima anayejua ni muuza mboga yupi anayeficha nyanya mbovu chini ya nzuri.

Siku mdadisi wa takwimu alipopiga hodi, Kapi alikuwa uani anakamua shuka.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, kitambulisho kinaning'inia shingoni, kishikwambi kimekumbatiwa kifuani kama mtu aliyeambiwa akikivunja atakilipa. Akaamkia kwa heshima, akakaribishwa sebuleni, alipokuwa amelala mama mkwe kwenye kochi.

"Natoka idara ya takwimu, baba. Tunafanya utafiti wa nguvukazi. Nyumba yenu imechaguliwa."

"Imechaguliwa na nani?"

"Na kompyuta. Ni bahati tu. Nitakuja mara nne, kila baada ya miezi mitatu, na maswali ni yale yale."

Kapi hakuwa amechaguliwa na mtu yeyote kwa muda mrefu. Akakausha mikono, akavuta kiti, akakaa wima.

"Katika siku saba zilizopita, ulifanya kazi yoyote ya malipo au ya kujipatia faida, hata kwa saa moja?"

Kapi akaitazama mikono yake, iliyokunjamana kwa maji. "Nimefua."

"Kwa malipo?"

"Shuka za mama mkwe wangu!"

"Basi hapana," binti akasema kwa upole, akabonyeza.

"Anauliza nini huyo?" mama mkwe akapaza sauti. Masikio yake yalikuwa yamechoka, lakini mdomo ulikuwa mzima.

"Anauliza kama nafanya kazi, mama."

"Anafanya! Anapika, anafua, ananishika mkono mpaka chooni. Andika hayo!"

"Bibi, kazi za nyumbani zina sehemu yake huko mbele. Tutafika."

"Tutafika lini? Mimi nimekula chumvi nyingi, mwanangu, huko mbele naweza nisifike."

Binti akacheka, kisha akarudi kwenye kioo chake. "Katika wiki nne zilizopita, baba, ulitafuta kazi? Kuandika barua, kuuliza watu, kwenda mahali?"

Hapo Kapi akajikausha mikono tena. Swali lilikuwa jepesi, lakini lilimwingia kama mwiba wa samaki. "Nikipata kazi leo, nitaifanya," akasema.

"Nimeelewa. Lakini ulitafuta?"

"Hapana."

"Kwa nini hukutafuta?" Akamsomea sababu moja moja: masomo, ugonjwa, uzee, majukumu ya familia, kuamini kwamba kazi hazipo.

"Naweza kutaja mbili?"

"Moja tu. Ile kubwa."

Kapi akajaribu kupima. Kama mama mkwe asingeteleza, Alhamisi yake angetoka? Ijumaa je? Hakujua. Alimwomba binti amchagulie, binti akasema haruhusiwi. Mama mkwe alikuwa akimkodolea macho kutoka kochini, basi Kapi akasema, "Familia." Baadaye siku nzima alijiuliza kama alikuwa amesema uongo, na kama ni uongo, amemdanganya nani.

Wakati wa kumsindikiza mgeni mlangoni, akauliza lililokuwa likimkera. "Sasa mimi mmenihesabu kama mtu asiye na ajira, sivyo?"

"Hapana, baba. Asiye na ajira ni yule ambaye hana kazi na anatafuta. Wewe hutafuti. Uko nje ya nguvukazi."

"Yaani hata kukosa kazi nimekosa?"

Binti akarekebisha kitambulisho shingoni, akaaga.

"Nani hana nguvu?" mama mkwe alikuwa akiuliza nyuma yao. "Aje anyanyue gunia hilo, halafu na mkwe wangu alinyanyue, tuone!"

Miezi miwili mitatu ikapita. Asubuhi moja Kapi alikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, redio ikatangaza kwamba kiwango cha watu wasio na ajira kimeshuka kutoka asilimia kumi mpaka tisa. Msomaji alisema neno "tisa" kwa furaha, kama anayetangaza bao.

"Unaona?" kinyozi akasema. "Watu wanapata kazi. Tatizo letu kulalamika."

"Nani amepata?"

"Watu."

"Mtaje mmoja."

Kinyozi akasimamisha mashine hewani, akafikiri. Kapi naye akafikiri. Akapita kichwani nyumba kwa nyumba, wenzake wote wa kiwandani waliokuwa wakiishi upande ule wa mji. Mmoja alikuwa amerudi kwa ndugu zake shambani. Mwingine alishinda barazani na bao, akicheza mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto. Wengine wawili hakujua, ila hakuwa ameona kitu. Hakumpata aliyepata. Akaondoka pale kichwa kimenyolewa vizuri kwa nje na kimevurugika kwa ndani. Labda ni yeye tu. Labda kazi zilikuwa zikigawiwa mtaa wa pili, na yeye yuko uani anakamua shuka.

Mdadisi akarudi kama alivyoahidi. Siku saba zilizopita, kazi yoyote, hata saa moja?

"Hapana," Kapi akasema. Kisha, kwa kuwa hakupenda kuwa mwongo mara ya pili, akaongeza, "Labda ile cherehani ya jirani. Ilikuwa inaruka nyuzi. Nimeikaza mkanda, nimeipaka mafuta. Saa moja, saa moja na robo."

"Alikulipa?"

"Alinipa trei ya mayai. Ujirani tu."

"Kama ni kwa ajili ya ile kazi, ni malipo." Akabonyeza, na uso wake ukachangamka kidogo. "Hongera baba. Umeajiriwa."

"Na nani?"

"Umejiajiri."

Kapi akageuka kumtazama mama mkwe, ambaye safari hii alikuwa amesikia vizuri kabisa. "Mayai yale mbona tumeyamaliza?" akauliza. "Kazi imekwisha?"

Jioni ile mkewe alirudi amechoka. Karakana ilikuwa imeanza kuwapunguzia siku. Badala ya sita sasa walikuwa wakiitwa tatu, wiki nyingine mbili. Aliketi, akavua viatu, akawa anajikanda kisigino. Kapi, akidhani atamchekesha, akamwambia, "Mke wangu, mwenzio nimeajiriwa. Serikali imeandika."

Hakucheka. "Basi kesho amka uende kazini, Baba Pacha," akasema, akaingia chumbani.

Alikuwa ametumia lile jina. Kapi akabaki amesimama na mwiko mkononi. Hakujua kama amemkosea kwa mzaha, au kwa miaka ile yote ya kukosa kazi, au kwa mayai. Mkewe alipotoka baadaye kula, alisema tu, "Sikukusudia." Kapi akajibu, "Najua." Lakini kwa kweli hakujua, na alitamani angeuliza.

Pengine ni neno lile, pengine ni redio ya kinyozi. Wiki ile ile uvumi ulienea kwamba kiwanda cha magodoro kitafunguliwa ng'ambo ya reli, na Kapi akapanda juu ya kiti, akaishusha bahasha kabatini, akaipangusa. Jirani mwenye cherehani akakubali kukaa na bibi asubuhi ile.

Alifika mapema akidhani atakuwa wa kwanza. Foleni ilikuwa imekwisha kuzunguka ukuta. Na waliojaa mle ni wale wale! Yule wa bao alikuwepo, amevaa koti. Aliyerudi shambani alikuwepo, amekuja na basi la alfajiri. Wote walikuwa wamesikia redio ile ile, wote wamejiambia kwamba kumbe kazi zipo, ni mimi tu niliyelala. Na nyuma ya Kapi akaja kusimama nyapara wao wa zamani, naye ana bahasha yake mwenyewe ya kaki.

"Wewe ndiye uliyeniandikia barua ya sifa," Kapi akamwambia.

"Na mimi nani ataniandikia?" nyapara akajibu. Wakacheka mpaka wa mbele wakageuka.

Saa saba walifikiwa. Kijana mwenye suti aliwaonyesha mashine kupitia dirishani: masanduku meupe, yamefungwa kila upande, yananguruma kwa adabu. Hakuna mkanda hata mmoja. Walichukua majina ya watu wachache, wengi wao watoto wa juzi waliosomea kompyuta. Kapi na nyapara wakarudi kwa miguu. Njiani nyapara akamwambia kwamba dada yake ana mashine ya kusaga nafaka sokoni, na mtu aliyekuwa akiiendesha anahama. "Si ajira kubwa," akasema, kama anayeomba radhi. "Nitamuuliza."

Mdadisi alipokuja mara ya tatu, Kapi hakusubiri aulizwe. Alitafuta, ndiyo. Kiwandani, kwenye ghala, kwenye gereji mbili, na kuna mashine ya kusaga anasubiri jibu. Mayai hapana, safari hii hakuna.

"Sasa wewe ni mtu asiye na ajira, baba."

Kapi akajikuta amefurahi. Kisha akashangaa amefurahia nini.

Siku chache baadaye redio ikatangaza tena. Safari hii msomaji alisema kwa sauti nzito: kiwango kimepanda, kutoka tisa mpaka kumi na moja. Wataalamu wana wasiwasi. Kinyozi akasema nchi inaharibika. Kapi akavua kitambaa shingoni, akainuka kabla hajapakwa poda.

Alikwenda idara ya takwimu kwa miguu. Hakuwa na hasira. Alikuwa na swali moja.

"Unatafuta kazi?" mlinzi wa getini akamuuliza.

Kapi akasita. "Natafuta. Lakini sikuja kutafuta hapa. Nimekuja kuuliza mimi ni nani."

Mlinzi akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, na kwa kuwa siku ile haikuwa na mambo mengi, akampeleka ndani. Wakampeleka kwa mtakwimu mmoja mnene, mwenye miwani iliyofungwa kamba, meza yake imejaa makaratasi na kikombe cha chai iliyopoa. Mtu yule hakumcheka. Alisikiliza yote, shuka, mayai, foleni, kisha akachukua karatasi na kuchora vyumba vitatu.

"Chumba hiki, wenye kazi. Hata ya saa moja. Hiki, wasio na kazi wanaoitafuta. Vyumba hivi viwili kwa pamoja ndiyo nguvukazi. Cha tatu, watu wengine wote: wanafunzi, wazee, wanaolea, na waliochoka kutafuta. Redio ikisema kiwango cha wasio na ajira, inapima chumba cha pili dhidi ya vile viwili. Cha tatu hakimo."

"Mimi nilikuwa cha tatu."

"Wewe na wengi. Kiwanda kilipofungwa mlikuwa cha pili. Mlipochoka, mkaingia cha tatu. Cha pili kikapungua watu, kiwango kikashuka."

"Kikashuka kwa sababu tumekata tamaa?"

"Kwa sehemu, ndiyo. Halafu mkasikia kimeshuka, mkapata moyo, mkatoka kutafuta. Mkarudi cha pili. Kikapanda."

Kapi akaikodolea karatasi macho. Akaweka kidole juu ya chumba cha pili. "Sasa ikitokea wote waliomo humu tuchoke siku moja?"

Mtakwimu akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Kiwango kitakuwa sifuri," akasema.

Nje kulikuwa na mtu anafyeka majani.

"Ndiyo maana tunatoa na takwimu ya pili," mtakwimu akasema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyewahi kulisema jambo hili mara nyingi bila kusikilizwa. "Ya ushiriki. Katika watu wazima wote, wangapi wamo kwenye vyumba viwili vya kwanza. Ile ilishuka mlipoacha, ikapanda mliporudi. Ukizisoma zote mbili pamoja, utaona kilichotokea. Tunaipeleka redioni kila mara, ukurasa wa pili."

"Na ukurasa wa pili hawausomi."

"Muda wa matangazo ni mfupi."

Kapi akaomba ile karatasi, akapewa. Alipofika nyumbani alijaribu kumweleza mkewe, akavichora vyumba upya kwa kidole juu ya kitambaa cha meza, lakini alipofika kwenye mayai mambo yakamchanganyikia. Mkewe akamwuliza, "Na mimi, nikiitwa siku mbili kwa wiki, niko chumba gani?"

"Cha kwanza. Pamoja na yule anayefanya siku sita."

"Chumba kimoja?"

"Kimoja."

Mkewe akapitisha kidole pale alipochora Kapi. "Basi ni chumba kikubwa," akasema. Akamwekea chai, akamwita Kapi.

Jibu la nyapara likaja mwezi uliofuata. Dada mtu alikubali, lakini kwa siku tatu tu: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, ndipo soko linapochangamka. Siku ya kwanza Kapi alirudi mweupe kwa unga mpaka kwenye kope, vidole vikiwa na grisi kwenye kucha, na mama mkwe akapiga kelele akidhani mzimu umekuja kumchukua. Mkewe akaenda karakanani, akamwomba msimamizi ampange Jumanne na Alhamisi, awe nyumbani siku zile nyingine. Msimamizi alinung'unika, akakubali. Hivyo ndivyo walivyogawana wiki, na bibi akawa hakosi mtu.

Mdadisi alikuja mara ya nne Jumanne, akamkuta Kapi anamenya viazi. Kazi? Anayo. Saa ngapi kwa wiki? Kumi na tano, kumi na sita.

"Ungependa kufanya saa zaidi kama zingepatikana?"

"Ungemuuliza samaki kama angependa maji."

"Niandike ndiyo?"

"Andika ndiyo. Sasa nimekuwa nani?"

"Umeajiriwa, baba. Ajira pungufu."

Kapi akatikisa kichwa akicheka. Hakuwa na uhakika kama ameelewa kuliko siku ya kwanza, ila maneno hayakumchoma tena vile. Binti akazima kishikwambi, akasema nyumba yao sasa imetoka kwenye utafiti, itachaguliwa nyingine. Jambo la ajabu ni kwamba Kapi alijisikia vibaya, kama mtu aliyeachishwa kazi.

"Na wewe utakwenda nyumba hiyo nyingine?"

"Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi."

"Halafu?"

Binti akainua mabega. Kapi akamfungia viazi vitatu vikubwa kwenye mfuko, akakataa kusikia neno la asante. Alipokuwa akimtazama anavuka barabara, alijiuliza kama vile viazi vilikuwa malipo, na kama ni malipo, ni ya kazi gani, na nani amemwajiri nani. Akaacha kufikiri, akarudi jikoni.

Kuanzia hapo wiki zikaenda. Soko likipoa, dada wa nyapara humwambia Kapi asije Ijumaa. Shule zikikaribia kufunguliwa, karakana humwita mkewe siku nne, na jirani mwenye cherehani hukaa na bibi. Kila asubuhi mama mkwe huamka akiwa hana habari ni siku gani, husikia tu vyombo vinagongana upande wa jikoni, naye huita kutoka kochini:

"Leo ni nani?"

"Leo ni mimi, mama," Kapi hujibu, ikiwa siku hiyo ni yeye.